Mdomo wa Bi Kigelegele

Habari kwamba mama yake ameuza mdomo ilimfikia msusi akiwa na kichwa cha mtu mkononi.

"Na wewe usijifanye hujui," alisema mwenye kichwa, mke wa mwuza nyama, shingo kaiinamisha hata maneno yakawa kama yanatokea mapajani. "Soko zima linacheka. Mama yako anawaambia watu wapande Ngazi. Tena kwa herufi kubwa."

"Mama yangu yupi? Huyu ambaye tangu kiharusi kimpige akitaka chumvi ananyoosha kidole?"

"Huyohuyo. Ukutani ulimi umekuwa mwepesi."

Msusi aliuvuta msuko mpaka mteja akapiga ukelele. Kwenye benchi walikuwa wanawake wengine wakisubiri zamu, na wote kwa pamoja walianza kuangalia kucha zao, kama watu wanavyofanya wakitaka kusikia vizuri. Saluni yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, mlango wake pazia, na umbea ulikuwa na desturi ya kuingia bila hodi. Lakini siku zote ulikuwa umbea wa nyumba za wengine.

Alibana nusu ya kichwa iliyobaki, akachomeka kitana kwenye nywele zake mwenyewe, akatafuta kandambili.

"Usiondoke," alimwambia mteja.

"Niende wapi na kichwa cha upande mmoja?"

Ukuta wa soko ulikuwa mrefu, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kukojolewa na kubandikwa matangazo ya waganga. Uchaguzi ulipokaribia, watu wa chama cha Ngazi na watu wa chama cha Kinu wakawa hawaazimani hata kiberiti, ndipo Afisa Utamaduni wa halmashauri alipokuja na wazo lake. Sanaa, alisema. Tuchore utamaduni wetu pale kila mtu anapopita, watu wakumbuke walikuwa ndugu kabla ya kuwa wapiga kura. Wazo zuri, hakuna aliyebisha. Kazi akapewa Brashi, mume wa msusi, fundi wa vibao vyote vya mtaa ule.

Brashi alichora mfinyanzi na udongo wake, mhunzi na mivukuto, wapiga ngoma, watoto wakicheza rede. Katikati akamweka mama mkwe wake, mkubwa kuliko wote, kichwa nyuma, mdomo wazi, kama alivyokuwa zamani pale harusi ilipokuwa haijawa harusi mpaka Bi Kigelegele apaze sauti. Rangi ya ngozi alichanganya msusi. Brashi alikuwa hodari wa mistari, lakini ngozi za watu zilimshinda. Zote zilimtokea kama matofali. Mkewe ndiye aliyeshika mapaji na visogo vya watu kutwa nzima, akajua kwamba weusi wa mtu una manjano ndani yake, na wa mwingine una zambarau. Kwa mama yake alichanganya mwenyewe kwa kidole, akarudia, akarudia tena.

Na kitu kilifanya kazi. Watu wa Ngazi walipiga picha mbele ya yule bibi, na watu wa Kinu pia. Hawakusalimiana, lakini walisubiriana. Kwa siku zile hilo lilikuwa jambo.

Leo, mdomoni mwa bibi palikuwa pametoka wingu jeupe, na ndani ya wingu maneno: WANANGU, MIMI NIMESHAPANDA NGAZI. PANDENI NANYI.

"Shemeji, pole," alisema mwuza viatu vya mitumba. Kisha akafikiri. "Au niseme hongera? Sijui mmekubaliana vipi."

"Nani kaandika huu uchafu?"

Watu walitazamana. Mmoja akakohoa. Mwuza viatu akaonyesha kwa kidevu kibao chake mwenyewe, VIATU SAFI VYA ULAYA, kisha duka la dawa, kisha bucha, kisha ukuta wa madrasa na ule wa kanisa ng'ambo ya barabara. Popote ulipotupa jicho, kila herufi ilimalizika kwa kimkia kidogo kilichoinuka juu, kama mkia wa kifaranga. Na mikia ileile ilikuwa imejipanga ndani ya wingu jeupe.

"Alijifunika turubai alfajiri," alisema mwuza viatu kwa upole. "Akamwambia mlinzi asiseme. Mlinzi hajasema, ana adabu yule. Lakini shemeji, watoto wangu wamejifunza kusoma kwa mkono wa mumeo."

Kicheko kilipasuka. Msusi alisimama pale na kitana kichwani, akahisi kicheko kile kikimwingia kama maji ya moto kwenye kandambili.

Brashi alikuwa uani, anajisugua viwiko kwa mafuta ya taa.

"Umemsemea mama yangu."

"Nimemwokoa mama yako," alisema bila kuinua kichwa. Alikuwa ameshayapanga maneno, ilionekana. "Afisa alikuja na jamaa wa kampeni. Wana ndoo ya chokaa tayari. Wakasema ukuta ni wa halmashauri. Ama bibi aseme, ama bibi afutwe na uso wa Mtarajiwa, mgombea wao, ukae pale. Chagua, fundi. Nikachagua abaki."

"Ungewaacha wamfute!"

"Wewe?" Sasa aliinua kichwa. "Wewe unayempeleka kila jioni ajishike shavu pale ukutani? Wewe uliyeniambia uso wa mama yako umebaki sehemu moja tu duniani? Ningerudi hapa nikwambie nini, kwamba nimeacha ukafutwa?"

Hakuna hasira mbaya kama ile inayomkuta mwenzio ana nusu ya haki.

"Na hiyo?" Kofia mpya ilining'inia kwenye msumari, ina ngazi mbele.

"Walinivisha. Jua lilikuwa kali."

"Alfajiri?"

Brashi akarudi kwenye viwiko vyake.

"Wangekuja mchana," alisema msusi. "Wangemfuta mchana kweupe, watu wakiona nani anafuta. Ungenipa mtu wa kumchukia. Sasa nimchukie nani, eti? Nikitafuta aliyeandika, nakukuta wewe unanawa nyumbani kwangu."

Bi Kigelegele hakuwa na habari. Alikuwa ameshika ndoo yake ndogo na kwenda bombani, kama kila siku. Kiharusi kilikuwa kimeuvuta upande wa kushoto wa uso wake chini, mdomo ukaenda pembeni, na ulimi ukawa mzito kama mtu aliyeamshwa sasa hivi. Kila neno alilitafuta, akalishika, akalitoa. Waliomzoea walingoja. Na aliyejua kungoja kuliko wote alikuwa Mama Mkaa, jirani yake tangu wakiwa wasichana, aliyemlisha uji kwa kijiko wakati wa ugonjwa na kumtukana kwa mapenzi kila alipoutema. Mwanawe Mama Mkaa alikuwa wakala wa Kinu.

Msusi aliwakuta bombani. Foleni ilikuwa imejisogeza, kila mtu na ndoo yake, ikaacha nafasi mbele na nyuma ya bibi kana kwamba ananuka.

"Umeshapanda, eti?" Mama Mkaa alikuwa akisema. Mikono kiunoni, vumbi la mkaa hadi kwenye nyusi. "Mwenzangu umeshapanda, sisi huku chini tunakutazama nyayo. Mwanangu jana kapigwa mawe na vijana wa Ngazi. Jana! Wewe leo unawaita watu kwa kigelegele. Wamekupa nini? Kanga? Sabuni?"

"M..." alisema Bi Kigelegele. "Mi..."

"Nilikufuta mate kwa mkono huu."

"Mi... mie si..."

"Mpanda ngazi hushuka, lakini. Utanikuta hapahapa." Akajitwisha ndoo, akaondoka.

"...sijapanda," alisema Bi Kigelegele. Neno lilitoka zima, lakini lilimkuta mgongo wa mtu.

Msusi alimpokea ndoo. Njiani akamweleza, maana angeelezwa na nani mwingine? Aliufupisha ubaya wa mumewe, kisha akaurefusha, kisha akausema kama ulivyo. Mama alikuwa akipumua tu, kwa nguvu, kama mtu anayepanda mlima.

Na nyumbani, utafikiri siku ile ilikuwa haijashiba, palikuwa na gari. Vijana wenye fulana za Ngazi walikuwa wameshusha unga na sukari mlangoni, mmoja kashika simu juu anarekodi. Wateja wote wa saluni walikuwa nje, mke wa mwuza nyama mbele yao na kichwa chake cha upande mmoja.

"Bibi huyo! Bibi yetu huyo!" alipiga kelele mwenye simu. "Bibi, pokea zawadi ya Mtarajiwa, halafu utupigie kimoja. Lililili! Kidogo tu. Ngoja, geuka kidogo. Geukia huku, ule upande mzuri."

Bi Kigelegele hakugeuka. Alimtazama kijana yule kwa uso wote, upande mzuri na upande mbaya, mpaka simu ikashuka yenyewe.

"Rudisheni garini," alisema msusi.

"Mama, tumetumwa tu."

"Wote mmetumwa! Huyu katumwa, yule katumwa, mume wangu katumwa. Mtumaji ana miguu? Aje. Rudisheni garini kabla sijawamwagia huo unga vichwani, na nywele zenu sitazisuka."

Waliondoka bila kuuchukua. Waliuacha pale mlangoni kwa makusudi, ili mtaa uuone. Na mtaa uliuona.

Walikaa chumba cha ndani, watatu, mlango umefungwa. Brashi alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, hawezi kumtazama mkwewe. Akaanza, "Mama, nisamehe, mimi nilidhani..." Bi Kigelegele akainua mkono.

Bibi alijigusa mdomo. Sehemu ile iliyoanguka, yenye unyevu kidogo pembeni, ambayo siku zote aliifunika kwa ncha ya mtandio.

"Huu," alisema.

"Huu nini, mama?"

"Weka... huu."

Brashi alikuwa wa kwanza kuelewa, labda kwa sababu ya kazi yake. "Unataka nikuchore ulivyo sasa. Ukutani."

Bibi akatikisa kichwa kukubali.

"Mama," alisema msusi, maana ule mdomo wa zamani aliuhitaji yeye zaidi kuliko mwenyewe. "Mama, tufute yale maneno tu. Uso uache."

"Ma... neno," alisema bibi, na safari hii walingoja, hata kuku uani alionekana anangoja, "...yao. Waachie. Mdomo... wangu."

"Nikigusa ukuta ule wananifunga," alisema Brashi. Alisema kama mtu anayetaja bei, akaitazama, akaona ataimudu. "Kesho Mtarajiwa anakuja kuhutubia palepale. Askari watajaa."

"Basi tuende mchana," alisema mkewe. "Na turubai libaki nyumbani."

Asubuhi, soko limejaa, Brashi aliegemeza ngazi yake ukutani. Watu walidhani anaongeza maneno mengine, wakaanza kumzomea. Nyanya iliyooza ikampata begani. Msusi alisimama chini na kopo, anakoroga kwa kidole. Rangi ya ngozi ya mama yake aliijua sasa kama anavyojua njia ya chooni, lakini hii ya leo ilihitaji kijivu ndani yake, na kidogo rangi ya samawati, pale damu inapopita kwa uvivu. Alikuwa akilia kwa hasira na kukoroga. Mama alikuwa kwenye kigoda, mtandio kaushusha mabegani, uso wazi, ili mkwewe aone vizuri.

Brashi alianza kwa kuufuta ule mdomo mpana wa kigelegele. Zomeazomea ikapungua. Akavuta mstari wa kushoto chini, akaulaza. Akaangusha shavu. Akatia kile kikunjo kando ya pua, na jicho lile linalofunga nusu. Ulipofika wakati wa kuufunga mdomo, soko lilikuwa kimya kiasi cha kusikia brashi inavyokwaruza.

Alishuka. Wingu jeupe lilikuwa palepale na maneno yake yote, WANANGU, MIMI NIMESHAPANDA NGAZI, lakini chini yake palikuwa na mdomo uliopinda, umefumba, mdomo ambao kila mtu pale alijua kwamba hauwezi kutoa sentensi ndefu namna ile hata ungepewa siku nzima.

"Sasa nani anasema?" aliuliza mwuza viatu.

Mtu akacheka, lakini hakikuwa kicheko cha jana. Kilikuwa na meno.

Afisa Utamaduni alifika mbio, kitambulisho kinampiga kifuani, askari wa halmashauri nyuma yake. "Nani kakuruhusu? Hii ni mali ya umma! Hii ni kazi ya utamaduni!"

"Utamaduni wa nani?" alisema msusi.

"Dada yangu, tusigombane. Tumetumia fedha za wananchi kuonyesha uzuri wetu. Uzuri! Wewe unaona huo ni uso wa kuweka mbele ya wageni? Leo?"

Alipokwisha kusema ndipo alipomwona Bi Kigelegele kwenye kigoda, karibu na goti lake, na uso uleule. Afisa alikuwa mtu aliyesoma, wala hakuwa katili. Aliona haya kweli, hadi masikio. Lakini kuna watu wakiona haya humwadhibu aliyewaonyesha.

"Mchukueni fundi," alisema. "Na chokaa iletwe."

Walimchukua Brashi na brashi zake, ngazi yake, makopo yake, hata lile kopo la rangi ya ngozi wakalinyakua mkononi mwa msusi likammwagikia mguuni. Brashi hakubishana. Aligeuka mara moja tu akasema, "Samawati ilikuwa sawasawa," utafikiri wako uani kwao.

Kisha wapaka chokaa wakaja. Wakapaka uso. Walipofikia wingu wakasimama, wakamwangalia Afisa, na Afisa akamwangalia jamaa wa kampeni, na jamaa akatikisa kichwa. Maneno ya Mtarajiwa hayafutwi. Kwa hiyo mhunzi alibaki, na mfinyanzi, na ngoma, na katikati yao palikuwa na doa jeupe lenye upana wa kichwa cha mtu, na wingu likitoka ndani yake likiwaita watu WANANGU.

Mchana spika zilianza kulia. Viti vya plastiki vilipangwa, kimoja kikubwa chenye kitambaa kikawekwa kwa ajili ya Mtarajiwa, mkabala na ukuta, maana picha ilikuwa imeshapangwa: yeye, utamaduni nyuma yake, na maneno ya bibi juu. Wana Ngazi walijaa mbele. Wana Kinu walisimama mbali, na mawe yao hayakuwa mbali nao.

Mtarajiwa aliposhuka garini, akitabasamu hata kabla mlango haujafunguliwa, Bi Kigelegele aliinuka. Msusi alidhani wanaondoka. Badala yake mama alikiburuta kigoda chake mwenyewe, akapita katikati ya viti, akakiweka chini ya wingu. Akaketi. Akaegemeza mgongo na kisogo kwenye chokaa mbichi, palepale kwenye doa, akazigeuzia kamera uso wake.

Wapiga picha walihamia kushoto. Wakahamia kulia. Hakukuwa na upande ambao haukuwa na yeye.

"Mama, tunaomba usogee," alinong'ona Afisa, ameinama, tabasamu limemganda. "Tutakupa kiti kizuri kule. Mama. Nakuomba kama mwanao."

"Bibi anataka kutubariki!" Mtarajiwa alikuwa mwepesi, ndiyo kazi yake. Aliinama na kipaza sauti, akakisogeza kwenye ule mdomo. "Sema bibi. Waambie wanao."

"M..." alisema Bi Kigelegele. Spika zikaitupa ile M juu ya mapaa. "M... do..."

"Amina!" alisema Mtarajiwa, akakiondoa kipaza sauti. "Mmemsikia! Muziki!"

Muziki ukapigwa. Na juu ya muziki ikapasuka sauti moja, kavu, ya mtu aliyezoea kuuza kwa kupiga kelele.

"Zima!"

Mama Mkaa alikuwa anakuja kutoka upande wa Kinu, akitenganisha watu kwa viwiko, mweusi kwa vumbi, na popote alipopita fulana za Ngazi zilipata alama. Alifika kwenye spika, akamwangalia kijana wa mitambo.

"Zima hiyo nasema, nitakuzimia mimi. Mwenzangu anasema. Hamuoni anasema? Mlimwandikia haraka haraka, sasa mngojeni!" Aligeuka, akawakabili wote, Mtarajiwa na kitambaa chake, wana Ngazi, wana Kinu, na labda nafsi yake pia. "Ngojeni! Mtu husemewa akiwa bado ana ulimi?"

Kijana akazima.

Wakangoja. Jua liliwapiga wote sawasawa. Bi Kigelegele alilitafuta neno, jasho linamtoka, mate yakamshuka pembeni ya mdomo naye asiyafute. Mtu mmoja nyuma alianza kuguna, akapigwa kiwiko.

"Mdomo," alisema. "Wangu." Akapumua. "Ninao."

Hakuna aliyepiga makofi. Mtarajiwa aliangalia saa. Kisha hotuba ikafanyika, kwa sababu hotuba hufanyika tu, lakini alihutubia akiwa amesimama pembeni, karibu na choo cha soko, ambako ukuta haukuwa na picha.

Bi Kigelegele alipoinuka, mgongo wake wote na kisogo vilikuwa vyeupe kwa chokaa. Msusi alitoa leso aanze kumpangusa. Mama akamshika mkono.

"Acha. Twende... kituoni. Mume... wako."

"Hivihivi, mama? Mbele ya askari?"

"Hivihivi," alisema Mama Mkaa, akakibeba kigoda. "Tutakaa mlangoni mpaka wamtoe. Wakiuliza tuna shida gani, tutawageuzia mgongo huu wa chokaa wasome."

Wakashika barabara kuu, watatu, katikati, magari yakipiga honi.